Ndagu, lumbesa na mzani wa mama

Ukitoka Uyole kuelekea Tukuyu, ukishaipita Igawilo na gari likaanza kupanda, vioo vinaingia ukungu na abiria wanafunga zipu za majaketi. Huko juu ndiko kwetu, Isongole, mkoani Mbeya, nchi ya viazi. Siku za kupakia mzigo, malori ya Fuso yanapanga foleni kando ya lami na magunia yanasimama pembeni kama wazee waliovaa vilemba. Kilemba hicho ndicho lumbesa. Gunia likishajaa hadi mdomoni halifungwi. Linaungwa kipande cha gunia jingine kwa kamba, viazi vinapangwa juu kimoja kimoja kwa mkono, linapigwapigwa ubavuni ili vikae, linashonwa, mpaka linafika kifuani kwa mtu mzima. Kijana anayeifanya kazi hiyo anaitwa fundi, na kweli ni fundi. Mimi nilijaribu mara moja, viazi vikaporomoka vyote hadi kwenye mtaro.

Bei ni ya gunia. Ukiuliza kilo ngapi unaonekana mgeni.

Sheria ya vipimo inakataza gunia kuzidi kilo 100, na hakuna mtu Isongole asiyeijua. Lakini ushuru unahesabiwa kwa gunia, nauli ya Fuso kwa gunia, mbeba mzigo naye analipwa kwa gunia. Mnunuzi akiweza kuyafanya magunia kumi yawe saba, ameokoa hela njia nzima mpaka Dar es Salaam. Huko lumbesa linafumuliwa, viazi vinauzwa kwa kopo la sado, na hapo sasa kila kiazi kina bei yake. Aliyepoteza ni yule wa mwanzo kabisa, aliyekishikilia kilemba wakati kinafungwa.

Mwaka juzi nilikuwa nimesimama hapo na mama. Dalali, kijana mwenye adabu nzuri tu, anazunguka gunia huku akilitikisa. "Shikamoo mama. Tuongeze kidogo, halijasimama hili." Mama akaitikia marahaba, akainama, akaongeza. Kijana akatikisa tena. Mama akaongeza tena, safari hii akichagua vile vikubwa, maana vidogo vinaonekana vibaya juu ya kilemba. Akalipwa, akafunga hela kwenye pindo la kitenge, tukaanza kupanda kurudi nyumbani.

Nilidhani atalalamika. Hakusema neno juu ya dalali wala mwenye Fuso. Tulipofika kwenye kona, akasimama akatazama nyumba ya jirani yetu, ile iliyoezekwa upya bati la msauzi, la bluu, linalong'aa hata kwenye ukungu.

"Hivi huyu hela anatoa wapi?" akauliza. "Viazi si ni hivi hivi tunalima wote?" Kisha akashusha sauti, ingawa barabarani tulikuwa wawili tu. "Watu wanasema ana ndagu."

Sentensi ile haijaniacha tangu siku hiyo. Mama ameibiwa mbele ya macho yangu, mchana kweupe, kwa salamu nzuri, na hasira yake imekwenda kutua kwenye paa la jirani.

Kwa wasomaji wa mbali na kwetu: ndagu ni dawa ya utajiri, na ina gharama yake. Anayeitaka anakwenda kwa mganga, kwa masimulizi ya kwetu mara nyingi ni Sumbawanga au ng'ambo ya mpaka, anaulizwa atatoa nini. Mtoto, mzazi, au kiungo chake mwenyewe. Asiyeweza kumtoa mtu anapewa masharti: alale chini, asibadili nguo, asikarabati nyumba. Simulizi hili halishindwi. Tajiri akijenga, ni ndagu. Asipojenga, ni masharti. Mwanawe akifa, katolewa. Asipofa, zamu yake bado. Pale Mwanjelwa palikuwa na mzee mwenye duka la jumla, mlango umepinda, kuta hazijaona rangi tangu nikiwa sekondari, na mtaa mzima ulijua sababu. Nilisoma na mwanawe. Siku moja nikajikaza nikamuuliza. Alicheka mpaka akakaa chini. "Baba ni bahili tu," akasema. "Ungemwona anavyopima sukari ya chai yetu."

Siyo yote ya kucheka. Mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili mkoa wetu ulipata sifa mbaya kwa mauaji ya watu waliochunwa ngozi. Januari 2019 Njombe ilizika watoto waliouawa, na viongozi wa serikali wakayahusisha mauaji hayo na imani za kishirikina. Kwa hiyo sichukulii ndagu kama porojo za wazee wanaoota moto. Kuna watu wamekufa. Ninachosema ni kwamba ndagu ni elimu ya uchumi ya mtu ambaye hakuna aliyemfundisha nyingine. Inajibu swali la haki kabisa: tumelima wote, mvua imenyesha kwetu wote, mbona mwenzangu amepata na mimi sina?

Ila jicho la ndagu ni fupi. Sijawahi kumsikia mtu wa Isongole akisema mwenye Fuso kumi na ghala Dar es Salaam ana ndagu. Huyo ni mfanyabiashara. Mwenye kampuni ya pembejeo ni mwekezaji. Aliyenunua ekari mia mbili kwa mkupuo ni bosi. Ndagu ni ya mtu uliyecheza naye mpira wa makaratasi, mliyekunywa maji kisima kimoja, ambaye unamjua mpaka jina la bibi yake. Tofauti ya bati la kawaida na bati la msauzi inaumiza kuliko tofauti ya jembe na ghorofa la Kariakoo, kwa sababu ghorofa la Kariakoo hulioni ukitoka nje asubuhi.

Nchi hii iliwahi kujaribu kutufundisha kutazama mbali zaidi. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuja na maneno yake: bepari, kabaila, mnyonyaji, kupe. Kiongozi alikatazwa mishahara miwili, hisa kwenye makampuni, nyumba za kupangisha. Marehemu baba alikuwa shule ya msingi enzi hizo, na hata uzeeni akikasirika na mtu alimwita "kupe wewe", nasi watoto tukicheka kwa sababu kwetu sisi kupe alikuwa mdudu wa ng'ombe. Sasa neno limerudi kwa ng'ombe kabisa.

Lakini hata yale maneno makali, yalipofika shambani, yalimtafuta mtu wa karibu. Isimani, njia ya kutoka Iringa kwenda Dodoma, palikuwa na wakulima wakubwa wa mahindi, wenye matrekta. Serikali ilitaka vijiji vya ujamaa. Siku ya Krismasi mwaka 1971, mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, alimkuta mkulima Said Mwamwindi shambani kwake. Wakajibizana. Mwamwindi akampiga risasi, akampakia kwenye gari la huyo huyo mkuu wa mkoa, akaliendesha mwenyewe mpaka polisi Iringa. Alihukumiwa kunyongwa. Leo Iringa ina chuo cha ualimu chenye jina la Klerruu. Mwamwindi hana chuo, ila wasimuliaji anao.

Kisa hiki nimekisikia mara nyingi, hasa kwenye mabasi, pale gari linapoanza kuupanda mlima wa Iringa na watu wakapata la kuzungumza. Mwalimu mstaafu aliniambia Mwamwindi alikuwa bepari aliyegoma kugawana na wenzake. Dereva wa lori, kiti cha nyuma yetu, akadakia: alikuwa mkulima hodari aliyeonewa wivu. Wakabishana kuanzia Ruaha Mbuyuni. Nikawauliza, alikuwa na ekari ngapi? Mwalimu akasema nyingi. Dereva akasema za kawaida tu. Hakuna aliyekuwa na namba, na hakuna aliyeona kwamba namba ingesaidia.

Mwaka 1991, kwa Azimio la Zanzibar, masharti yale ya uongozi yalilegezwa, na maneno nayo yakalegea. Tulionao sasa ni walalahoi na vigogo, watoto wa mboga saba, watoto wa geti kali, watu wa kishua na watu wa uswazi. Ni maneno matamu, nami nayatumia. Lakini yaangalie vizuri: yanaeleza mtu anakula nini, analala wapi, geti lake limefungwaje. Mnyonyaji lilikuwa neno linaloeleza amekipataje. Mboga saba hazisemi nani alizichuma.

Kisha likaja neno wanyonge. Rais wa awamu ya tano, John Magufuli, alisema yeye ni rais wa wanyonge, na ghafla kila mtu akataka unyonge. Nimekaa kikao kimoja na bwana mwenye tipa mbili na nyumba nne za kupangisha pale Ilomba, akasimama akasema "sisi wanyonge" bila hata kupepesa macho, na tukapiga makofi. Julai 2020 ikatangazwa tumeingia uchumi wa kati. Asubuhi hiyo, kituo cha bodaboda karibu na kazini kwangu, dereva mmoja akawaambia wenzake, "Basi mimi nimekaa pembeni, mnisogezee kiti." Hilo ndilo tamko pekee la kitakwimu ambalo watu wa pale wanalikumbuka mpaka leo.

Mimi kazi yangu ni mahesabu, kwa hiyo namba zinanisumbua. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Asilimia 26.4 ya Watanzania walikuwa chini ya mstari huo. Kwa hesabu hiyo, mwenye 50,000 alikuwa upande wa pili wa mto, si maskini. Kijijini mstari huo haupo. Wana wao mwingine, na niliuona ukichorwa.

Mpango wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wa kunusuru kaya maskini ulipofika kwetu, orodha ilitakiwa itoke kwa wanakijiji wenyewe, kwenye mkutano wa hadhara. Nilikuwa likizo, nikaenda nikasimama nyuma na kina mama. Swali lilikuwa jepesi: maskini ni nani? Mmoja akasema asiye na godoro. Mwingine, anayekula mara moja. Mwingine, anayelima vibarua vya watu mpaka lake linaota magugu. Watu wakaguna kukubali. Kisha bibi mmoja akanyanyuka na fimbo yake. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, ya mwisho mwisho kubaki kitongoji kile, na moshi unatoka kila upande. Akasema, "Maskini ni asiye na mtu."

Mwenyekiti akamwambia, bibi, wewe jina lako tunalo hapa. Akakataa. "Nina watoto sita. Mkiniandika umaskini, wanangu waliko wataficha wapi uso?" Akakaa. Na hakuandikwa. Watoto wenyewe nawajua, wawili wako Tunduma kwenye mizigo, mmoja Chunya kwenye machimbo, waliobaki hata mama yao hana uhakika wako wapi.

Sehemu iliyobaki ya mkutano ilikwisha kwa ugomvi juu ya mwanamama aliyeandikwa ilhali ana mbuzi wawili. Ugomvi wa mbuzi wale ulidumu miaka. Walioachwa hawakuuliza fedha zimepangwa kiasi gani wala na nani, wala kwa nini kijiji kizima kiwe na nafasi zile tu. Waliuliza habari za mbuzi.

Mjini Mbeya tunajifanya hatuna mambo hayo. Mjini sote ni watu wa kawaida. Muulize mwenye bajaji ya mkataba maisha yanakwendaje, atakujibu ya kawaida. Muulize mwenye ghorofa Forest, atakujibu hivyo hivyo. Mahali pekee ambapo ukawaida unavuliwa nguo ni kwenye kamati ya harusi. Pale katibu anasoma majina na ahadi kwa sauti, na kila mtu anajua ameshapangiwa kiwango kabla hajafungua mdomo: huyu laki mbili, huyu laki, huyu atatusaidia kubeba viti. Nimewahi kuona mtu akiahidi laki tatu, akaenda kukopa kikoba, kwa sababu shemeji yake aliahidi laki mbili na nusu.

Na mji wenyewe umeandikwa tabaka kwenye vibao. Uzunguni, Uhindini, Majengo. Wakoloni waliupanga hivyo, kila rangi na mtaa wake, nasi tukabadili wakazi tukaacha majina. Mtu akikuambia amepanga Uzunguni bado anaitamka kwa namna fulani, kama anayeweka kikombe kwenye kisosi. Simama Mafiati saa kumi na mbili na nusu asubuhi uone mabasi ya njano ya shule za Inglishi midiamu yakipita, na kando ya barabara watoto wa Mtakatifu Kayumba, yaani shule za serikali, wakitembea na ufagio na dumu la maji. Wanapungiana mikono. Wengine ni ndugu kabisa.

Mwanangu yumo ndani ya basi la njano. Afadhali niseme, maana nimeandika yote haya kana kwamba mimi nimekaa juu ya mti nawaangalia wengine.

Nyumbani kwangu Isyesye kuna dada wa kazi anayetoka Makete. Nimemzidi miaka kumi na miwili lakini ananiita mama. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kumwandaa mtoto, na ananishinda kwa kila kitu kuanzia chapati hadi hesabu za chenji. Nilikuwa ninamlipa 80,000 kwa mwezi. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha anayeishi kwa mwajiri kuwa 60,000, kwa hiyo nilikuwa nikijiona mtu mwema. Jioni moja tunamenya viazi, akanisimulia alikofanya kazi kabla.

"Wale walikuwa matajiri kweli, mama. Lakini sahani yangu walikuwa wameitenga. Na kikombe. Nyinyi ni watu wa kawaida."

Nilifurahi! Nilishinda na furaha hiyo siku nzima iliyofuata. Usiku nikachukua daftari la matumizi, kwa mazoea tu, nikaona mstari wa basi la shule: 70,000. Kiti cha mtoto wa miaka saba, asubuhi na jioni, siku tano kwa wiki. Elfu kumi chini ya mtu mzima anayelala nyumbani kwangu. Nikafunga daftari. Baadaye nilimwongeza, sitasema kiasi gani, maana si kikubwa na sitaki pongezi.

Lakini neno lake lilinifungua macho. Wale wa kwanza hakuwalaumu kwa kuwa nazo. Aliwalaumu kwa sahani. Na ndivyo tulivyo wengi wetu huku. Tunausamehe utajiri, hatuusamehei dharau. Sifa ya juu kabisa unayoweza kumpa mwenye nazo ni kwamba hana makuu. Anasalimia. Anakuja msibani anakaa kwenye mkeka. Akifanya hayo, hakuna atakayeuliza anamlipa nani kiasi gani.

Baba yangu mdogo aliuza ekari mbili upande wa Rungwe wakati parachichi limeshika moto, mabosi wanapanda milima na magari meupe wakitafuta ardhi. Njombe ni hivyo hivyo, Mufindi kwenye miti walianza zamani. Hela ilijenga chumba na sebule, ikalipa ada ya mwaka mmoja, ikaisha. Sasa anakwenda kufanya kibarua cha kupalilia kwenye ekari zile zile. Anazijua mpaka jiwe. Nilimkuta amekaa chini ya mparachichi mmoja akila kiporo.

"Baba mdogo, shikamoo. Huumii?"

"Marahaba, mwanangu. Niumie nini? Bosi mwenyewe mtu mzuri sana, hana dharau. Mwezi uliopita alikuja, akanipa mkono, akauliza habari za mama yako."

Sikuwa na la kujibu. Na sidhani amepumbazwa, baba mdogo si mjinga. Ekari hazirudi, lakini heshima bado anaweza kuidai kila siku, na anaidai. Mtu hupigania kile anachoona kinaweza kupatikana.

Kuna jambo moja ambalo salamu haiwezi kulifunika. Dada wa kazi alinisimulia kwamba kwao Makete viazi vikubwa huwa hawali. Vikubwa vinapanda gari. Vidogo vingine vinawekwa mbegu, vingine vinabaki jikoni. Mama naye ndivyo alivyotulea: nimekuwa mtu mzima kabla sijajua kwamba kiazi kikubwa kinaweza kukatwa vipande vinne na kuliwa na aliyekilima. Utafiti wa afya wa 2022 ulionyesha udumavu wa watoto chini ya miaka mitano ukiwa asilimia 56.9 Iringa, 50.4 Njombe, 49.8 Rukwa. Wastani wa taifa ni 30. Hii ndiyo mikoa inayojigamba kwamba inailisha nchi, na inailisha kweli. Wataalamu wanataja sababu nyingi, pamoja na mama kushinda shambani na mtoto kushindia uji wa mahindi, nami sina ubishi nao. Ila kila nikikutana na Fuso zinashuka Kitonga zimejaa, namkumbuka mama alivyochagua vile vikubwa kwa ajili ya kilemba.

Ndiyo maana nikanunua mzani.

Niliupata soko la Sido, wa kuning'iniza, wa betri, unapima mpaka kilo 300. Nikaupeleka Isongole kwa kiburi cha mtu aliyesoma. Tukaufunga kwenye tawi la mparachichi nyuma ya jiko, vijana wakanyanyua lumbesa mojawapo, namba zikachezacheza kisha zikatulia: 136. Nikachukua kijiti nikamwandikia mama chini. Magunia kumi, kilo 360 zimeondoka bure. Ni kama magunia matatu na nusu kila unapopakia. Mama alitazama ile namba muda mrefu, akaifuta kwa mguu.

Dalali alipokuja nilimwambia achague moja, apunguze kilemba au alipe kwa kilo. Hakukasirika. "Dada, hongera kwa kusoma," akasema. "Ila gari halisubiri hesabu." Akavuka uzio akaenda kwa jirani, yule wa bati la bluu, na nikasikia kamba zikishonwa. Jioni hiyo zilipita Fuso tatu. Hakuna iliyosimama kwetu.

Viazi vya mama vilikaa siku nane. Vya juu vikaanza kugeuka kijani. Akaja kuviuza kwa bei ya kutupa, kwa lumbesa, kwa dalali mwingine asiyejua habari ya mzani. Na maneno yakatembea: wale wamejiona. Mtoto wake yuko mjini, ndiyo maana anaweza kuringa. Sisi tungengoja tungekula nini?

Niliumia, halafu nikakubali. Walikuwa sahihi kuliko mimi. Wiki ile nilimtumia mama 150,000 kwenye simu ili asihangaike. Bila hiyo asingeweza kungoja hata siku mbili. Mzani ni mali ya mwenye uwezo wa kusubiri, na majirani waliliona hilo mara moja, mimi mwenye digrii ya uhasibu likanichukua siku nane. Mmoja mmoja hatuwezi. Kungekuwa na kituo kimoja cha kuuzia ambako kila gunia la Isongole linapita kwenye mzani, hapo gari lingesubiri. Maneno hayo nimeyasema kwenye mkutano wa kijiji, yakaandikwa kwenye muhtasari.

Mwezi wa sita mama alinipigia usiku, saa nne imepita, saa ambayo simu kutoka kijijini humshtua mtu.

"Kuna nini mama? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Alikuja jirani."

"Jirani yupi?"

"Huyu wa msauzi. Amekuja na vijana wake wawili, gunia liko kwenye toroli. Ananiuliza ule mzani bado upo? Tena ananinong'oneza."

"Ukampa?"

"Si nikamshikia tochi. Kilo 141."

Nikauliza alisemaje. Mama akakaa kimya kidogo, nikasikia akisogeza chungu.

"Hajasema kitu. Amesimama tu anaangalia ile namba mpaka ikazimika yenyewe. Halafu akaniomba chumvi, nikamfungia kwenye karatasi. Nadhani alitaka arudi na kitu mkononi, mkewe asije akamuuliza."

"Na gunia?"

"Ameshaliuza. Fuso ilikuwa inamsubiri barabarani."